Nafasi ya 121 Haijazi Mtungi

Kwa miaka mingi Kibera ya Nairobi ilishika nafasi ya kwanza barani. Wageni waliandika, wakapiga filamu, wakahutubu kwamba huu ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, wenye watu milioni moja. Kisha ikaja sensa ya 2009. Makarani walipita mlango kwa mlango, Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, na hesabu ikatoka watu 170,070. Haya, tuseme waliruka nusu ya wakazi. Zidisha mara mbili, bado hufiki laki tatu na nusu. Ile milioni hakuna aliyeihesabu. Ilirudiwa tu hadi ikazoeleka.

Naanzia Kibera kwa sababu watu wake wameonja kile ambacho Kenya nzima inakataa kukubali: nafasi kwenye orodha si kipimo cha maisha. Kila mwaka mashirika ya kimataifa yanapotoa orodha zao, tunazipokea kama matokeo ya mtihani wa taifa. Tukipanda, serikali inashangilia. Tukishuka, upinzani unapata hotuba. Wote wawili wanaamini jambo moja, kwamba nchi iliyopanda imeendelea na iliyoshuka imeharibika. Imani hiyo haina msingi, na wanaoilipia ni maskini.

Tazama orodha iliyoshangiliwa kuliko zote, ile ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara. Katika ripoti iliyotoka 2014, Kenya ilikuwa ya 136. Ripoti iliyotoka 2019 ikatuweka nafasi ya 56. Tulipita nchi 80 kwa miaka mitano! Sasa twende Kisumu Ndogo saa kumi na moja alfajiri. Kuna mama anayekaanga mandazi kando ya njia. Amekwisha kununua mitungi miwili ya maji, amewasha jiko, na anasikiliza kama kanju, askari wa jiji, wanapita. Yeye ni mfanyabiashara. Je, alipimwa?

Hakupimwa. Benki ya Dunia ilipima kampuni yenye dhima ndogo, iliyosajiliwa mjini, yenye wafanyakazi kati ya 10 na 50. Kwenye stima ilipima ghala jipya linaloomba kuunganishiwa umeme wa kVA 140. Maswali hayo walijibu mawakili, wahasibu na maofisa. Kwa hiyo inawezekana kabisa nchi kuruka ngazi 80 na yule mama asisogee hata hatua moja, kwa sababu tangu mwanzo hakuwamo katika hesabu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Na orodha yenyewe iliishia wapi? Septemba 2021 Benki ya Dunia iliifuta, baada ya kugundulika kwamba takwimu za ripoti za 2018 na 2020 zilichezewa. Uchina, ambayo ingeshuka hadi nafasi ya 85, ilibakishwa ya 78. Data za Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan nazo zilitajwa. Kenya haikutajwa kwa udanganyifu wowote. Lakini nafasi ni jambo la kulinganishwa: ukichezea alama za wengine, umechezea na yangu.

Mtu atasema, basi tatizo ni wale waliodanganya, tafuta waadilifu. Hapana. Hata waadilifu watupu wakikaa mezani, dosari iko ndani ya upishi wenyewe. Chukua ploti mbili za kupangisha hapo Kisumu Ndogo. Zipe alama kati ya 10 kwa mambo matatu: stima, usalama na choo. Ploti ya kwanza inapata 9, 9 na 3. Ya pili inapata 7, 7 na 6. Ukijumlisha, ya kwanza ina 21 na ya pili 20, kwa hiyo ya kwanza inaongoza. Ukizidisha, ya kwanza ina 243 na ya pili 294. Ya pili imeshika usukani! Hakuna aliyechimba choo, hakuna aliyebadilisha balbu. Kilichobadilika ni mkono wa anayepiga hesabu.

Huu si mchezo wa kubuni. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa linalotoa Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu tangu 1990, lilifanya badiliko la aina hiyo mwaka 2010, likaacha wastani wa kujumlisha na kushika ule wa kuzidisha. Sababu yao ilikuwa ya maana: hawakutaka kipato kikubwa kifunike elimu duni. Lakini huo ni uamuzi wa watu kuhusu lipi lina uzito kuliko lipi, na sisi tunaletewa matokeo yake kana kwamba yamesomwa kwenye mizani.

Halafu kuna orodha ya ufisadi ya Transparency International. Mwaka 2023 Kenya ilipata alama 31 kati ya 100, ikawa ya 126 kati ya nchi 180. Mwaka 2024 ilipata 32, ikawa ya 121. Alama moja, ngazi tano! Na alama zenyewe zinatokana na maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Mwendesha bodaboda anayetozwa kitu kidogo barabarani hakuulizwa. Tawi la Kenya la shirika hilohilo liliwahi kufanya kazi yenye manufaa zaidi: liliwauliza wananchi wa Afrika Mashariki ni ofisi gani imewadai hongo, na walitoa kiasi gani. Jibu la namna hiyo lina ofisi na lina shilingi. Mtu anaweza kuwajibishwa kwalo.

Mgala muue na haki yake mpe. Orodha hizi zimewahi kuwaamsha viongozi waliolala, na kusajili kampuni kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni rahisi kuliko kupanga foleni. Lakini kiongozi anayetafuta nafasi hurekebisha kinachoulizwa tu. Swali likiwa juu ya ghala, atahudumia ghala, na mama wa mandazi atangoja.

Kwa hiyo wahariri, orodha ijayo ikitoka, msituandikie kwamba tumepanda. Fungueni ile nambari mtuonyeshe vilivyomo: nani aliulizwa, nini kilipimwa, nini kimebadilika tangu mwaka jana. Nanyi wasomaji, mbunge akijisifia nafasi, mdaini kitu kinachopimika.

Yule mama anavyo vipimo vyake, na havihitaji mtaalamu kutoka nje. Anajua mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 siku ya kawaida, na kwamba mabomba yakikauka bei hupanda hadi 20. Anajua stima ilipotea siku ngapi mwezi huu. Anajua amelipia choo mara ngapi kwa wiki, yeye na watoto. Hizo ndizo nambari za kuandikwa ukurasa wa kwanza. Mtungi ukikaa shilingi 5 mwaka mzima, mama atajua mwenyewe kwamba mambo yamebadilika, kabla orodha yoyote haijamwambia.