Mkopo wa Chuo Kikuu: Tusiharamishe kwa Mazoea

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya hapa Tanzania ilipoanza kazi mwaka 2005, mikopo yake imewatatiza vijana wenye kuchunga dini yao. Kwa miaka kadhaa mkopaji alitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Kubadilisha jina hakubadilishi hukumu: ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba. Waliojizuia walikuwa na dalili.

Lakini mwaka 2021 Serikali iliifuta tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Hata hivyo, bado wapo wanaomwambia kijana aliyefaulu kidato cha sita kwamba mkopo huu ni haramu, kisha wanamwacha nyumbani bila ada wala njia mbadala. Kanuni ya wanazuoni ni kwamba hukumu huenda na sababu yake. Sababu ikiondoka, haifai kuibakiza hukumu kwa mazoea.

Imebaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Kuhusu ada za namna hii, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kuwa inajuzu kutoza gharama halisi za kuhudumia mkopo, na kinachozidi hapo ni riba. Basi masheikh wetu waiulize Bodi kwa maandishi iwapo ada hiyo hailingani na gharama au inalingana nazo, kisha wawajibu vijana kwa elimu.

Upo pia ufadhili usiorejeshwa, Samia Scholarship, ulioanza mwaka 2022 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo hauna shubha ya riba. Kitakachotukosesha ni kujenga shule zisizo na maabara.

Na atakayekopa ajue kuwa deni ni amana. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini. Anayehitimu, akaajiriwa, kisha akajificha asilipe, anamnyima mdogo wake anayesubiri kukopeshwa. Aliyeikimbia riba asiangukie katika dhulma.

Wabillahi tawfiiq.