Nyumba Nzuri Juu ya Kisima cha Wengine

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwakataza wanafunzi wangu kutumia neno wasiloweza kulieleza. Leo, katika uzee wangu, nimekutana na neno la namna hiyo kinywani mwa mmoja wao. Yeye sasa ni mkandarasi, na mwaka jana alinichukua hadi Shela, kisiwani Lamu, kunionyesha ramani ya nyumba ya mapumziko ya tajiri mmoja. "Tazama, Mwalimu," akaniambia, "nyumba hii inapatana na mandhari."

Kwa macho, alisema kweli. Kuta zingekuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, paa la makuti, na rangi yake ile ile ya mchanga. Nyumba ingepanda kilima kwa madaraja, kila chumba kikipata upepo wa bahari. Na ubavuni mwa kilima lingechimbwa bwawa la kuogelea.

Nikamwuliza, "Mwanangu, chini ya kilima hiki kuna nini?" Akanyamaza.

Basi nalijibu mimi. Chini ya vilima vya mchanga vya Shela kuna maji ya kunywa ya mji wa Lamu. Masika yanyeshapo, mchanga huyanywa maji, nayo hushuka polepole. Na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyoko chini. Wataalamu wana kanuni: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwapo kama mita 40 chini ya usawa huo. Usifurahi upesi, msomaji. Kanuni hii ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ukiyashusha maji kwa mita 1, hatimaye chumvi nayo hupanda kama mita 40.

Sasa tupige hesabu ya darasani. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 1.5, huchukua lita 75,000, yaani madebe 3,750 ya lita 20. Mama wa Langoni atumiaye madebe 5 kwa siku angekaa nayo zaidi ya miaka miwili. Na bado jua hulipunguza bwawa kila siku, likahitaji kujazwa tena.

Najua nitakavyojibiwa: majumba haya huleta kazi. Ni kweli. Fundi wa chokaa, mchonga milango na mwenye punda wote hupata riziki. Lakini riziki hiyo wataipata vile vile nyumba ikijengwa mbali na vilima. Sipingi ujenzi, napinga mahali, na napinga tamaa.

Wazee wa Lamu hawakuingia chuo cha usanifu. Mji wao, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, waliusonganisha kando ya bahari. Bafuni waliweka birika, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yalitekwa kwa kata, hayakumwagwa ovyo. Huko ndiko kupatana na mandhari.

Kwa hiyo atakaye kujenga na aviache vilima. Asing'oe mimea itambaayo, maana ndiyo ishikayo mchanga. Ajenge paa bapa la chokaa, avune mvua: mita 200 za mraba hupokea lita 200 kwa kila milimita 1 inayonyesha. Choo chake kisivujie mchangani. Na akitaka kuogelea, Mwenyezi Mungu amekwisha kumwekea bahari mbele ya mlango.

Mwanafunzi wangu aliikunja ramani yake. "Mwalimu," akasema, "nikikataa mimi, atajenga mwingine."

Nikamjibu kwamba kwa hoja hiyo hakuna mwizi duniani mwenye kosa, kwani kila mali ingeweza kuibwa na mwingine. Alicheka, lakini hakunitazama usoni. Tulirudi Lamu kwa mashua, kila mtu kimya, na jioni ile nyumbani kwa mwenyeji wetu nililetewa kikombe cha maji. Nilikinywa taratibu. Yalikuwa matamu bado.