UZI: Gari "jipya" la mkopo, na hesabu ambayo dalali hatakufanyia

1/
Nimetoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, ila sitapata usingizi kabla sijaandika hili. Mtumishi mwenzangu, kaa chini usome, hasa kama kwenye simu yako kuna picha ya gari unayoiangalia kila ukipata dakika tano.

Wodini kwetu kuna dogo mmoja, muuguzi hodari kweli. Mshipa wa mtoto mchanga anaupata mara ya kwanza wakati sisi wakongwe tunahangaika. Ijumaa hii anakwenda kusaini mkopo wa miaka saba anunue Suzuki Swift Sport. Siyo Swift ile ya kawaida. Ni ile Sport, kagari kadogo kenye injini ya lita 1.4 na turbo, nguvu za farasi 140, uzito haufiki hata tani moja. Kanaruka kama panzi. Nimemwomba ruhusa nimwandike. Akasema, "Sista andika, ila jina langu usiweke." Sawa. Jina siweki. Mengine yote naweka.

2/
Kwanza tuelewane lugha. Huku kwetu tukisema gari "jipya" mara nyingi hatumaanishi jipya. Tunamaanisha limeshuka meli juzi na lina namba mpya. Toyota IST ya mwaka 2004 ikiingia leo ikapewa namba E, mtaani tunaita "gari jipya, namba E". Kumbe Mjapani kaliendesha mpaka kachoka, watoto wake wamekulia humo.

Kwa hiyo gari lolote hapa Tanzania lina saa mbili zinazokimbia. Saa ya kwanza ni mwaka lilipotengenezwa, hiyo ndiyo TRA wanaiangalia wakati wa kukukadiria kodi. Saa ya pili ni herufi ya namba, na hiyo ndiyo dalali anaiangalia siku unayouza. Mwenye namba C anajua machungu ya mwenye namba D kuingia mjini. Mwenye D naye kaonja. Wewe mwenye E unadhani alfabeti imeishia hapo?

Siku unapofunga namba, saa ya pili inaanza kugonga. Hata ukilipaki chini ya mwembe ulifunike turubai, inagonga tu.

3/
Dogo kaniletea hoja tatu. Nazijibu moja moja, maana siyo za kijinga.

Hoja ya kwanza: "Sista, serikali yenyewe inaadhibu magari ya zamani. Bora nichukue la karibuni."

Kweli kabisa. Injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000 unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Ukizipandanisha unapata kama asilimia 55 ya gharama ya gari mpaka bandarini, bado tozo ndogo ndogo. Gari likizidi miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30, na hapo kodi inakaribia kulingana na bei yenyewe ya gari.

Lakini asilimia ya nini, mwanangu? Chukua mfano wa kuelewa tu. Gari kuukuu la milioni 8 bandarini, kodi karibu milioni 8 nyingine, umetoka na 16. Gari la karibuni la milioni 27, kodi asilimia 55 ni karibu milioni 15, umefika 42. Umejisifu umekwepa asilimia 30, huku umetoa kodi karibu mara mbili ya yule uliyemcheka. Ukishaondoka pale bandarini, hakuna dirisha la kurudishiwa.

4/
Hoja ya pili: "Haya magari hayashuki bei. Suzuki walitangaza toleo la mwisho Desemba 2024. Yatakuwa adimu, yatapanda."

Hapa ndipo vijana wanapopotea, kwa sababu wanasoma bei za Japani na Uingereza halafu wanazileta Mbinga. Kule GR Yaris au Swift Sport lina foleni ya wanaolitaka. Kuna watu wamejaa hela na barabara laini, wanakusubiri uchoke wakupokonye.

Thamani ya gari haikai kwenye injini. Inakaa kwenye foleni ya watu watakaolitaka baada yako. Soma tena sentensi hiyo.

Sasa nitajie foleni yako hapa. Mkulima wa kahawa wa Litembo akipata malipo ya pili anatafuta pikapu au Noah, abebe magunia na mama mkwe. Mfanyabiashara wa dagaa na usipa wa Mbamba Bay anataka Probox au Fuso. Mwalimu anataka IST, kwa sababu fundi yeyote kuanzia Mbinga mpaka Songea anaijua gizani, na spea ipo hata duka la jirani na soko. Nani anataka gari ambalo tumbo lake liko kama sentimita 12 tu kutoka ardhini, tairi nyembamba kama chapati, na turbo ambayo fundi akifungua boneti anaanza kwa kusema "mmmh"?

Adimu isiyotakiwa haina bei. Hata ugonjwa adimu ni adimu.

5/
Hoja ya tatu: "Sista, lami ipo sasa. Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilometa 66 za lami tupu."

Na mimi naipenda ile barabara, jamani. Unateremka kutoka baridi ya Umatengo, kona baada ya kona, halafu ghafla Ziwa Nyasa linafunguka chini kama bati jipya. Naelewa kijana anavyowaza pale na kagari kenye farasi 140. Hata mimi nimewaza.

Ila wewe ni muuguzi, hufanyi kazi kwenye lami tu. Ukihamishiwa Liuli? Ukipangiwa zahanati huko njia ya Lituhi, au kijiji cha mlimani ambako masika ikikolea hata bodaboda anashuka anasukuma? Barua ya uhamisho haiulizi tumbo la gari lako liko sentimita ngapi.

Na zile kona za kuteremka ziwani, wanaozikosea tunawapokea sisi. Sisemi zaidi. Wenzangu wa chumba cha dharura wanajua.

6/
Tuingie kwenye mkopo sasa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Gari lake limepigiwa hesabu milioni 44 mpaka linakanyaga Mbinga. Milioni 20 anatoa mfukoni, nitawaambia zimetoka wapi. Milioni 24 ni mkopo wa mshahara, miaka saba, riba asilimia 14 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Nimekaa na kikokotoo, zamu ikiwa imetulia:

Makato kila mwezi: karibu 450,000.
Jumla atakayorudisha: karibu milioni 37.8.
Baada ya miaka miwili atakuwa amekatwa milioni 10.8.
Deni litakalobaki: milioni 19.3.

Umeona? Kakatwa milioni 10.8, deni limeshuka milioni 4.7 tu. Zingine zimekwenda kwenye riba. Wakati huo gari halimsubiri, linashuka kila siku. Ni sawa na kumwekea mgonjwa dripu huku jeraha hujalifunga: chupa zinaisha, presha haipandi.

Weka na bima. Hataki kuendesha gari la milioni 44 kwa bima ndogo, na bima kubwa kwa gari binafsi kwa kawaida inaanzia asilimia 3.5 ya thamani. Hiyo ni milioni moja na nusu kwa mwaka, kabla ya VAT, kabla ya lita moja ya mafuta.

Sheria inasema mtumishi abakiwe angalau na theluthi ya mshahara. Watu wanaisoma kama ruhusa: "Naruhusiwa kukatwa theluthi mbili!" Hapana. Ile ni kamba ya mwisho ukingoni mwa shimo. Wewe umeigeuza pembea. Halafu tarehe 10 hela imeisha, unakwenda kwa kausha damu kutafuta mafuta ya gari uliloliita uwekezaji.

7/
Mnaniuliza najua vipi. Najua kwa sababu nilifanya.

Mwaka 2017 nilichukua mkopo wa milioni 15, miaka mitano, riba asilimia 17. Nikanunua kagari kekundu, kadogo, kenye spoila. Nilipendeza, nisiseme uongo. Nikishuka kazini hata walinzi walikuwa wananifungulia geti wakitabasamu.

Miaka miwili baadaye baba akaugua. Songea, kisha Dar, kisha Songea tena. Hela ikahitajika leo, siyo kesho. Nikapeleka gari kwa dalali. Ilikuwa Februari, na huku kwetu Februari ni mwezi mbaya kuuza chochote: hela ya kahawa imeshaliwa, ada za Januari zimepita na watu wote. Kila anayekuja anakuona usoni kwamba una shida. Nikauza milioni 8 na nusu. Siku hiyo hiyo deni langu lilikuwa milioni 10 na laki nne.

Yaani nimeuza gari, nimebaki na deni kubwa kuliko hela niliyouzia. Ya gari ikaenda yote kwa baba. Baba tulimzika mwaka uliofuata, sijutii hata senti. Lakini makato yaliendelea, 372,000 na ushee kila mwezi, miaka mitatu, ya gari analoendesha mtu mwingine. Siku moja niko juu ya bodaboda pale Kilosa, Mbamba Bay, likanipita, limewekewa muziki mkubwa. Nililijua kwa mkwaruzo wa mlango niliousababisha mwenyewe. Mwezi ule nilikuwa nimebakiza makato 19.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nililipa matanga mawili kwa pamoja.

8/
Sasa ile milioni 20 ya dogo. Ni kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, hapa Mbinga mjini, pamoja na akiba ya misimu mitatu ya kahawa.

Mche wa kahawa ukiupanda leo unakusumbua kama miaka mitatu: palizi, dawa, kivuli. Baada ya hapo unaanza kuzaa, na ukiutunza utazaa mpaka watoto wako wachume. Gari miaka mitatu ya kwanza ndiyo linakufurahisha, halafu linaanza kuomba. Dogo anataka kung'oa cha kwanza anunue cha pili. Baba yake hakukilinda kile kiwanja ili kigeuke tairi nne.

Na ninyi mnaomsukuma, najua mnasoma hapa. Mnaosema "mtumishi wa miaka sita bado unapanda bodaboda?" Mnaopiga picha funguo mkaweka status. Ninyi maofisa mikopo mnaokuja mpaka kwenye korido ya wodi na fomu, wakati mtu katoka zamu kichwa hakifanyi kazi. Hamtakuwepo Februari. Atakayekuwepo ni dalali.

9/
Sijasema usinunue gari. Muuguzi wa zamu anahitaji gari, na usiku wa manane bodaboda siyo salama kwa mwanamke. Nasema hivi:

Nunua gari ambalo kushuka kwake kumeshalipwa na wengine. Likubali kuwa kuukuu, likubali namba D.

Nunua lenye foleni nyuma yako. Kabla hujalipa, waulize madalali watatu: "Hili hili, mwakani Februari, nikiwa na shida, utanipa ngapi?" Hiyo ndiyo bei yake. Iliyozidi hapo ni ya starehe.

Ukikopa, usizidi miaka miwili. Kama makato ya miaka miwili yanakuua, hilo gari siyo lako bado.

Kiwanja, shamba na kahawa haviuzwi kwa ajili ya kitu kinachoshuka.

Na starehe ni halali, sikunyimi. Ukiwa na milioni 44 zisizo na kazi na moyo wako unataka Swift Sport, nunua, nipitie twende Mbamba Bay tukale mbasa. Uongo ni kuiita uwekezaji na kuilipia kwa mshahara wa miaka saba ambayo hujui itakuletea nini.

Dogo, najua unasoma. Ijumaa bado siku tatu. Mimi leo usiku naingia tena zamu, na wewe umo. Njoo na ile fomu, tukae pale mezani saa nane wodi ikitulia, unionyeshe mstari wa gari hilo litauzwa ngapi ukihitaji kuliuza. Ukiuonyesha, nitakusindikiza mwenyewe ukasaini.