Nyota za Jamaa

Miongoni mwa wenye nyumba za wageni, mikahawa na boti za kutembeza watalii kisiwani Pemba imeenea imani kwamba maoni ya uongo mtandaoni ni yale tu yanayoandikwa na hasidi ili kuharibu jina la biashara, ilhali sifa zinazomiminwa na ndugu, marafiki na majirani ambao hawajawahi kulala wala kula mahali hapo ni kusaidiana tu, jambo ambalo halimdhuru mtu na ambalo ungwana wenyewe unalidai. Imani hiyo ni potofu, na wa kwanza kuilipia ni yule anayeishikilia.

Maoni ya wateja ni maelezo mafupi, yenye alama ya 1 hadi 5, mara nyingi kwa nyota, ambayo mtu huyaweka katika majukwaa kama Google au TripAdvisor baada ya kuhudumiwa. Thamani yake yote imesimama juu ya sharti hilo la mwisho, kwa sababu mgeni aliyeko Milan au Nairobi, ambaye hana wa kumuuliza, huyasoma kama ushahidi wa mtu aliyefika akaona. Binamu anayeishi Muscat na ambaye kila arudipo likizo hulala kwa mama yake Wete, si shahidi wa vitanda vya nyumba ya wageni ya mjomba wake, hata akimpenda mjomba huyo namna gani.

Hoja ya kwamba sifa hizo hazimdhuru mtu inaanguka mara tu hesabu inapofanywa. Hoteli kubwa ya Nungwi au Paje, kule Unguja, inaweza kuwa na maoni kwa mamia, lakini nyumba ndogo ya wageni ya Chake Chake au Mkoani aghalabu ina machache mno, na uchache huo huyapa maoni ya mtu mmoja nguvu isiyo ya kawaida. Ichukuliwe nyumba yenye maoni 9 ambayo wastani wake, yaani jumla ya nyota ikigawanywa kwa idadi ya watoa maoni, ni 4. Jamaa watano wakiongeza nyota 5 kila mmoja, wastani unaruka hadi karibu 4.4, na jirani wa mtaa wa pili, mwenye maoni 9 ya kweli na wastani uleule wa 4, anajikuta chini bila ya kukosea lolote. Jirani huyo naye ni jamaa wa mtu, na katika kisiwa kidogo huenda ni jamaa wa haohao waliompandisha mwenzake. Uchache huohuo ndio unaomfanya hasidi awe na nguvu, kwani nyota 1 tu ya uongo inaushusha wastani wa 4 hadi 3.7, wakati hoteli yenye maoni 900 haitikisiki.

Wataalamu wa uchumi wamelichunguza jambo hili. Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walilinganisha TripAdvisor, ambako yeyote aliweza kuandika, na Expedia, ambako ilimlazimu mtu awe amelipia chumba kwanza, wakaona kwamba hoteli huru za mmiliki mmoja zilikuwa na sifa nyingi zaidi pale pasipo na masharti, na kwamba hoteli zilizopakana nazo zilikuwa na lawama nyingi zaidi palepale. Michael Luca na Georgios Zervas, katika utafiti wa mwaka 2016 kuhusu mikahawa ya Boston, walionyesha kwamba anayeshawishika zaidi kujisifu kwa uongo ni mwenye maoni machache au aliyetoka kulaumiwa. Anayejipamba na anayemchafua mwenzake, kwa hiyo, wanapita mlango mmoja, na jukwaa likiufunga linawafungia wote wawili.

Kuyatambua maoni hayo si kazi ngumu kwa anayekijua kisiwa. Mji wa Chake Chake umekaa kwenye hori lenye mikoko, na anayetaka mchanga mweupe hana budi kusafiri, kwa mfano hadi Vumawimbi, kaskazini kabisa, kupitia msitu wa Ngezi. Kwa hiyo anayesifu ufukwe ulio mbele ya chumba chake katikati ya mji huo ameandika akiwa mbali, pengine kwa ujira. Jamaa hafanyi kosa hilo, lakini ana lake: humsifu mwenye nyumba kwa ukarimu na ucheshi, kisha hana neno juu ya chandarua, maji ya bomba, chai ya asubuhi au kelele za barabarani, maana hajawahi kuamka humo. Akaunti iliyowahi kutoa maoni mara moja tu, pamoja na sifa nyingi zilizoingia ndani ya wiki moja baada ya miezi ya ukimya, ni dalili nyingine. Ufasaha wa lugha haufai tena kuwa kipimo, kwa kuwa programu za akili mnemba zinaweza kuandika bila ya kosa.

Mkulima wa karafuu anajua kwamba makonyo yakizidi hushusha daraja la gunia zima, hata kama yametoka katika mkarafuu uleule. Ndivyo ilivyo kwa mwenye biashara anayelalamikia jukwaa kuhusu nyota 1 ya uongo huku ukurasa wake umejaa binamu. Januari 2025, Google iliiahidi mamlaka ya ushindani ya Uingereza kwamba biashara zitakazobainika kujipandisha kwa maoni ya uongo nchini humo zitawekewa onyo mbele ya wasomaji na kuzuiwa kupokea maoni mapya. Marekani nayo, kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inamtia hatiani mwenye biashara anayenunua sifa za uongo sawasawa na anayenunua lawama za uongo.

Anayeshambuliwa kwa uongo anayo njia, nayo huanzia kwenye daftari la wageni. Likionyesha kwamba tarehe iliyotajwa hakukuwa na mgeni wa namna hiyo, mwenye nyumba ataliarifu jukwaa akitaja kanuni iliyovunjwa, kisha atajibu hadharani kwa sentensi mbili au tatu zisizo na matusi, akijua kwamba jibu husomwa zaidi na wageni wajao kuliko na aliyeandika. Kutishia polisi kwa kutumia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni pupa, hasa pale ambapo daftari, likifunguliwa, linaonyesha kwamba mlalamikaji alilala kweli na maji yalikatika kweli. Mgeni wa namna hiyo hastahili kuitwa hasidi. Anastahili kuambiwa ni lini tangi litawekwa.

Lakini daftari hilohilo, likifunguliwa kwa ajili ya lawama, haliwezi kufungwa inapofika zamu ya sifa. Mwenye nyumba atakayelipitia kwa haki atalazimika kumpigia simu binamu wa Muscat, na jamaa wenzake pia, na kuwaomba wafute nyota zao, na huenda wastani ukarudi 4, sawa na wa jirani.