Kabla Greda Halijaingia Kiwanjani

Ndugu zangu wa Dodoma, wenyeji pamoja nanyi mliohamia juzi na jana, nina ombi moja tu. Kabla greda halijaingia kiwanjani kwako, zunguka kila mti mkubwa uliomo, inua macho, utafute tundu. Ukiliona, mti huo usiukate. Hata kama umeoza upande mmoja, hata kama umekauka kabisa na jirani anasema unaharibu sura ya mtaa.

Najua mji unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia huku, maeneo kama Nzuguni, Iyumbu, Mkonze na Ihumwa yameacha kuwa mashamba ya mtama na vichaka vya migunga, yakawa mitaa. Watu lazima wapate pa kulala, na siandiki hapa kumlaumu mtu aliyejinyima miaka mingi apate kiwanja chake. Ila kuna ndege ambao nao wanatafuta nyumba, na wao hawana benki ya kuwakopesha.

Mtazameni hondohondo mdogo mwenye mdomo mwekundu. Huyu wa kwetu katikati ya nchi, mwenye ngozi nyeusi kuzunguka jicho, ni wa Tanzania peke yake. Tangu 2002 wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa spishi yake mwenyewe, wakampa jina la Ruaha. Kwa mdomo ule ungedhani anaweza kutoboa gogo lolote. Hawezi. Hutegemea tundu ambalo tayari lipo, lililoachwa na tawi lililokatika au na ndege mwingine. Mvua zikishika, dume na jike hupita mti kwa mti wakikagua. Wakipata linalofaa, jike huingia na kujifungia humo. Huuziba mlango kwa kinyesi chake na mabaki ya chakula mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo.

Humo gizani hutaga mayai, mara nyingi matatu hadi sita, na huyaatamia kwa siku 24 hivi. Wakati huohuo manyoya yake ya mabawa na mkia hupukutika, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Yeye na watoto wanakula kile tu anacholeta dume, ambaye kutwa nzima huenda na kurudi na panzi, mchwa au buibui na kuwapitishia kwenye ule ufa. Mayai hayaanguliwi siku moja, hupishana, ndiyo maana ndani ya kiota kimoja utakuta kifaranga mkubwa na mwingine aliyezaliwa jana. Yule wa kwanza akifikisha kama wiki tatu, mama hubomoa ukuta na kutoka kumsaidia mumewe kutafuta chakula. Na hapo ndipo mimi hushangaa kila mara: vifaranga wenyewe, ambao hakuna aliyewafundisha, huuziba tena mlango kutokea ndani.

Sasa fikirieni mti huo unaangushwa Februari. Dume ataruka. Jike hataweza.

Na hondohondo si peke yake. Kigong'ota ndiye fundi: huchimba kwenye tawi lililokufa kwa sababu mti mbichi ni mgumu, hulea watoto wake, kisha baadaye hulihama tundu. Wanaolirithi ni wengi. Yumo kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu na macho ya njano, ndege mwingine ambaye duniani kote hapatikani ila Tanzania. Wamo bundi wadogo. Na mibuyu yetu ni mtaa mzima: juu hukaa viota vya miiba vya ndege wa jamii ya kwera, ndani ya uwazi wa shina huzaliana aina ya teleka wanaopenda mibuyu, na kwenye matundu ya kando hukaa kasuku wadogo wa kijani.

Hao kasuku nataka niwasemee zaidi kidogo, kwa sababu tumewazoea mno hata hatuoni thamani yao. Kichwa cheusi, ukosi wa njano, mdomo mwekundu, pete nyeupe kuzunguka macho. Mtu wa Ulaya au Marekani humjua ndege huyu katika kizimba dukani. Makao yake ya asili ni Tanzania tu, kwenye nyanda kavu za kaskazini na katikati mpaka kusini kuelekea Iringa. Wanaoishi leo Nairobi na Naivasha ni wa ukoo wa waliofugwa wakatoroka au wakaachiwa. Jike hubeba vipande vya magome na vijiti mdomoni, akajenga kiota ndani ya tundu, na mara nyingi jozi kadhaa huzaa karibu karibu. Miaka mingi walikamatwa kwa wingi na kusafirishwa nje. Mwaka 2016 Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nchi nyingine. Hata hivyo vijana wenye panga bado wapo, na anayepanua tundu apate vifaranga huwa ameliharibu kwa misimu ijayo. Mzazi ukimwona mwanao na ndege kizimbani, muulize ndege huyo alikotoka.

Mtaniambia kwamba tunapanda miti. Ni kweli, na nafurahi. Mwishoni mwa 2017 ilizinduliwa kampeni ya kukijanisha Dodoma, na vijijini wakulima wengi wamejifunza kisiki hai, yaani kuyatunza machipukizi ya visiki mpaka yawe miti tena. Kondoa ilikwisha kutuonyesha kwamba ardhi hii inasamehe: mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 kwenye maeneo yaliyomomonyoka, nyasi na miti vilirudi. Endeleeni kupanda. Lakini mche wa miaka minane hauna tundu. Shina huhitaji miongo ya miaka linenepe, lipoteze tawi na lioze kwa ndani, na mbuyu mkubwa unaoukata kwa siku moja huenda ulikuwapo kabla ya babu wa babu yako. Mimi naona hesabu ya kukata mmoja na kupanda kumi ni hesabu ya kujifariji.

Wengine huuliza kama hatuwezi kutundika masanduku ya mbao. Tunaweza, na hondohondo huyakubali. Jangwani Kalahari, Afrika Kusini, watafiti walifuatilia hondohondo wenye mdomo wa njano waliozaa kwenye masanduku kati ya 2008 na 2019, wakaona kwamba joto lilipozidi, viota vilivyofanikiwa vilipungua sana. Kwa hiyo sanduku litundikwe kivulini, nalo lisiwe sababu ya kuangusha shina nene linalokinga joto vizuri zaidi ya ubao.

Bundi naye amekuwa na bahati mbaya. Akilia juu ya paa tunasema analeta msiba, tunamrushia mawe, kisha asubuhi tunalalamika kwamba panya wamemaliza mahindi. Bundi mweupe anayekaa kwenye mbuyu na kwenye majengo hula panya kuliko chochote. Ukimwekea panya sumu, bundi akamla panya huyo, umemwua mlinzi wako.

Kwa warina asali wa Bahi, Chamwino na Manyoni: nyuki akiwa ndani ya mti, chukueni asali mliache shina limesimama. Kwa wachoma mkaa sina maneno matamu. Mti wenye tundu hautoi gunia la maana, uacheni. Wenyeviti wa mitaa, mkipita kwenye viwanja vipya, hesabuni miti mikubwa na mwambieni mwenye kiwanja anacho nini. Wakandarasi, wekeni alama ya rangi kwenye shina kabla mtambo haujawashwa, maana dereva wa greda hana muda wa kuangalia juu. Tawi likielekea paa, kateni tawi tu. Na wewe ambaye ramani ya nyumba yako inapita juu ya mbuyu, mwite fundi kabla hajachimba msingi, umwombe ausogeze hatua chache.