Pini Iliyomezwa na Amana ya Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika vijiji vyetu vya pwani kama Moa, wilayani Mkinga, vitu vyenye ncha havikosekani majumbani. Mvuvi huacha ndoana barazani. Mama huzibana pini kwa midomo huku akifunga ushungi. Mtoto anayetambaa hukijua kila kitu kwa kukitia kinywani, na punde pini imekwisha kupita kooni.

Hapo ndipo makosa hufanyika. Huyu humtia kidole atapike, yule humlisha tonge la ugali ili liisukume. Yote mawili yaweza kumjeruhi zaidi. Wengine, kwa nia njema, humnywesha kombe. Hatuidharau ruqya, lakini mtoto huyu asile wala asinywe chochote, kwani huenda akahitaji kulazwa usingizi na madaktari. Dua isomwe njiani, safari ya hospitali isiingoje.

Apelekwe upesi penye eksirei, kama vile Hospitali ya Mkoa ya Bombo, Tanga. Picha huonyesha pini ilipo. Mwiba wa samaki huenda usionekane. Kitu chenye ncha kikikwama katika umio huondolewa haraka kwa mpira mwembamba wenye kamera. Kikishaingia utumboni, daktari hukifuatilia kwa picha hadi kitoke. Kisiposogea kwa siku 3, au kikitoboa, upasuaji hufikiriwa. Maumivu ya tumbo, homa, kutapika damu na choo cheusi ni dalili za hatari.

Lililo zito zaidi ni kuficha. Mama hunyamaza akichelea lawama za mume na mavyaa, na saa zinapita. Enyi akina baba, wekeni lawama kando! Daktari anahitaji ukweli: mtoto amemeza nini, na saa ngapi. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sharia, na Mtume (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba. Kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia.

Basi tukirejea kutoka swala ya Ijumaa leo, ndoana tuzitie katika kopo lenye kifuniko, na pini tuziweke juu, mbali na mkono wa mtoto. Mtoto ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.