Kumbikumbi Asitukanwe

Sisi watu wa pwani tukisikia kuwa jirani zetu wa Migori na Homa Bay hula kumbikumbi, hucheka. Kicheko hicho mimi sikioni haki.

Mwili wa mwanadamu hujengwa kwa asidi amino. Kati ya hizo, 9 hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke katika chakula. Wataalamu huchemsha chakula ndani ya asidi kali kwa muda wa saa 24 hivi mpaka protini ivunjike, kisha wakazitenga na kuzipima moja moja. Mizani hiyo imeonyesha kuwa mahindi yamepungukiwa na laisini, na kumbikumbi anayo zaidi. Basi mtoto alaye sima tupu huweza kushiba na bado akadhoofu. Kitoweo cha kumbikumbi humjazia pengo.

Sisemi nasi tule. Mtume (S.A.W.) ametuhalalishia nzige, wadudu wengine madhehebu yetu ya Shafii yamewakataza, na hilo latutosha. Lakini laisini imo pia katika kunde, mbaazi na samaki, na hivyo tunavyo. Kabla hujamcheka Mjaluo, ndugu yangu, funua kawa utazame: mwanao anaila sima kwa kitoweo gani?